Binti wa Mzee Luhende kwenye Kioo cha Kompyuta

Nyahanga,
Kahama.
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Otmar,

Marahaba. Najua huko Newala umeshaniamkia kabla hata ya kufungua bahasha, kwa hiyo naipokea shikamoo yako mapema nisije nikaisahau. Hujambo? Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa katikati ya kila neno, ukaniambia ni vumbi la chaki. Vumbi la chaki halimkohozi mtu wiki tatu. Nenda hospitali.

Sisi huku wazima. Elieth ameanza silabi na sasa anasoma kila kitu, mpaka mifuko ya saruji. Mdogo wake Ezekiel ana meno mawili na anayajaribu kwangu nikimnyonyesha. Baba Elieth yuko na lori lake la mchele, anarudi baada ya siku nne au tano, analala, anaondoka. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa kawaida wa mtu mwenye mtoto mgongoni na wateja mbele. Mama huko Ushirombo mguu umetulia, ameanza kusafisha shamba na hataki kuambiwa apumzike.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, Ritha, binti wa jirani yangu anayesoma Mtwara, anaondoka kesho, atakuletea hii pamoja na michembe, viazi vyetu vya kukausha. Pili, jambo lenyewe ukilisikia kwa simu utaanza kucheka kabla sijafika mwisho, na mimi mwisho ndio ninaotaka uusikie.

Ni habari ya kompyuta.

Ulipokuja likizo ya Juni ulinitengenezea mambo mengi na ninashukuru. Uliweka sura yako kwenye kile kiduara cha juu ya jina, pale pa kuandikia nywila, na Elieth kila asubuhi akifika dukani alikuwa anamwamkia mjomba wake. Tena ukaweka picha za nyumbani ziwe zinapokezana kwenye kioo kompyuta ikijifunga yenyewe. Mama na kuku wake, harusi yetu, Elieth siku ya ubatizo. Nilizipenda. Sikuuliza zinatoka wapi. Kosa letu lilianzia hapo. Nasema letu, maana la kwako ni kutoniambia na la kwangu ni kutouliza.

Kumbe zinatoka kwenye folda ileile ninayowekea picha za wateja. Kazi yangu unaijua. Mtu anakuja anataka pasipoti, namvalisha lile koti jeusi la dukani linaloning'inia kwenye msumari, namsimamisha mbele ya kitambaa cha bluu, nampiga kwa simu, naiingiza kwenye kompyuta, naprinti, anaondoka. Picha inabaki. Basi kidogo kidogo, nikiwa nanyonyesha au natoa kopi, kompyuta ikijifunga inatoa watu. Mama kwanza, halafu katekista, halafu dereva wa bodaboda, halafu Elieth, halafu mtu wa mnadani, na hao wateja wote wamevaa koti lilelile.

Niliona, sitakudanganya. Nikasema nitaangalia nikipata nafasi, na ukiwa na mtoto wa miezi minane nafasi haiji.

Walioona zaidi ni wachimbaji. Wakitoka kwenye mashimo yao huko Mbogwe wanakuja mjini, wanachaji simu kwangu. Na kwa kuwa kompyuta nimeielekeza kwa wateja ili kila mtu ahakikishe jina lake kabla sijaprinti, benchi langu likageuka banda la video. Walikuwa wanakaa wanabashiri nani atafuata. Akitokea mtu aliyekunja uso, wanasema koti limembana.

Mwezi wa nane akaja Mariana, binti wa Mzee Luhende, yule mfugaji wa nyuma ya mashine ya mpunga uliyekunywa maziwa kwake ukaugua tumbo. Mariana amefaulu kidato cha nne vizuri na amechaguliwa chuo cha uuguzi. Nilimpiga pasipoti za fomu. Mama yake alijua, baba yake alikuwa hajaambiwa. Walikuwa wanatafuta siku nzuri ya kumwambia, maana mzee alishasema shule imetosha, na fomu bila sahihi yake haipokelewi. Chuo kinafungua tarehe saba Oktoba. Asipofika, nafasi inapewa mwingine.

Sasa, kwenye benchi kulikuwa na kijana anaitwa Onesmo, ambaye shimo lao lilikuwa limetoa dhahabu wiki ile. Akamwona Mariana kwenye kioo. Akauliza huyu ni wa nani. Mimi nilikuwa nahesabu kopi za mtu, nikajibu bila kuinua kichwa kwamba ni binti wa Mzee Luhende. Sikufikiria zaidi ya hapo. Lakini wewe ni mtoto wa huku, unajua wapo wazazi ambao siku hizi wakitaka binti aonekane humpa mshenga picha, naye akaizungusha kwa wanaotafuta. Onesmo ameona picha kubwa, binti amependeza, na mimi nimemtaja baba mtu bila kusitasita. Akajua mshenga ndiye mimi.

Jumapili iliyopita baada ya misa akatuma wazee wawili kwa Mzee Luhende. Wakasema wameona binti ametangazwa dukani, wamekuja kuuliza mzee anataka ng'ombe wangapi.

Kesho yake saa mbili asubuhi mzee alikuwa mlangoni kwangu na fimbo. Alisalimia kila aliyekuwepo, mwangaluka huyu, mwangaluka yule, mpaka Ezekiel mgongoni kwangu akasalimiwa. Salamu zilivyokuwa ndefu nikajua nina kesi. Nikampa shikamoo, nikampa kiti, akakipita akaenda kukaa benchini na wachimbaji.

"Mama Elieth," akasema, "nimesikia umefungua mnada. Mwanangu umempandisha kwa bei gani?"

Nikaanza kumweleza kwamba ni mashine, kwamba inajitolea picha yenyewe, mimi sijamtangaza mtu.

"Mashine haina mdomo," akasema. "Jina langu limetajwa na mdomo."

Na kweli mdomo ulikuwa wangu. Nikamwomba radhi. Akasema amesikia, ila binti atoke kwenye kile kioo, na yeye atakaa palepale mpaka ahakikishe ametoka.

Otmar, sijawahi kushika kompyuta huku nimekaliwa vile. Nilianza na kile kiduara cha jina, kwa sababu ndiyo picha niliyojua inabadilishwa wapi. Nikakutoa wewe nikaweka ua. Nikaifunga kompyuta tuone. Likaja ua langu dogo, na nyuma yake Mariana, kioo kizima. Nikaenda kubadilisha ile picha ya ndani, inayokaa nyuma ya mafaili, nikaweka mlima. Nikafunga. Akaja katekista, akafuata Mariana. Benchi zima likawa mafundi. Mmoja akasema zima uwashe. Nikazima, nikawasha, ikaja harusi yangu, wakaanza kumsifia Baba Elieth, kisha Mariana huyo. Mwingine akachomoa waya wa umeme na picha zikaacha kabisa kupokezana. Wakasema imepona. Lakini betri ile unaijua, dakika kumi imekata roho. Nikarudisha waya, zikaanza upya.

Mzee alikuwa amekaza macho kiooni. Fimbo ilikuwa imelala magotini. Mimi jasho lilikuwa linanitoka na Ezekiel mgongoni anavuta hereni.

Nikafunga mara nyingine, sijui ya sita. Akatokea Mzee Luhende.

Ni pasipoti aliyopiga mwaka jana ya kitambulisho cha chama cha wafugaji. Amevaa koti la dukani, mikono imeishia karibu na viwiko kwa urefu wake ule, na ametoa macho kama anadaiwa. Benchi zima likasogea mbele kuangalia. Halafu mchimbaji mmoja akasema taratibu, "Mzee, kumbe na wewe uko sokoni."

Mzee akainuka, akasogea mpaka karibu na kioo.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Na mimi nani amekuja kuniposa?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoanza yeye. Alicheka mpaka akashika meza. Nikajua sasa ameelewa kwamba mashine ile haichagui mtu.

Lakini kicheko kilipokwisha akaniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, picha ya mwanawe ilikuwa ya nini basi.

Nisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya barua. Nakala ya fomu ya Mariana ilikuwa kwenye droo yangu. Mzee alikuwa ametoka kucheka, moyo umelainika. Ningeweza kuitoa pale pale nikamaliza kazi ambayo mama na binti wameishindwa mwezi mzima. Mkono ulikuwa umeshagusa droo. Nikaona kwamba yaliyotukuta yote yametokana na mimi kutoa ya watu bila wenyewe kunituma. Nikaurudisha.

Nikamwambia, "Ni ya fomu, baba. Fomu ya nini, atakuambia mwenyewe. Mimi nimeshasema ya watu mara moja, sirudii."

Akachukua fimbo. "Sasa umejibu kama mtu mzima," akasema, akaondoka.

Sikukaa na amani. Mchana nikampigia Mariana nikamwambia aseme leo, asingoje siku nzuri, maana siku nzuri nimeshamharibia. Akalia kidogo, akanilaumu kidogo, na haki yake. Jioni simu yake ikawa haipatikani.

Kompyuta niliiweza siku ileile, Ezekiel alipolala. Nikaingia kwenye mipangilio, nikasoma yale maneno ya Kiingereza kwa kidole kama Elieth na saruji yake, mpaka nikapata palipoandikwa habari za kioo cha kufungia. Pana njia tatu. Picha ya kompyuta yenyewe, picha moja unayoichagua, au picha zinazopokezana kutoka kwenye folda. Mkono wako ulichagua ya tatu. Nikachagua ya pili. Nikawahamisha wateja wote kwenye folda yao, na wakimaliza wiki mbili nawafuta, isipokuwa mtu aseme nimtunzie. Picha niliyoweka ni ya lile koti, nililipiga kwenye msumari, halina mtu ndani. Wachimbaji wanasema sasa ni koti linalotafuta mchumba. Waseme.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi saa nne wakaja wawili, mzee mbele, Mariana nyuma amebeba bahasha. Mariana macho yamevimba, nikajua ameshasema, nikaogopa jibu. Mzee akaweka fomu mezani, akaifungua ukurasa wa mzazi. Pana mstari wa sahihi, na pembeni pana kijisanduku cha picha yake.

"Ile yangu iliyotangazwa bado unayo?"

"Ninayo, baba. Wiki mbili za kufuta nimeanza kuzihesabu Jumatatu."

"Ibandike hapo. Hilo koti lako silivai tena."

Nikaprinti, nikaikata, nikaibandika. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja, akiinua kalamu kila mara kuangalia kama ameikosea. Mariana alikuwa amegeukia barabarani. Wale wazee wa Onesmo nao mzee alishawajibu kwamba binti anaenda kusoma miaka mitatu, na akirudi, anayemtaka akamuulize mwenyewe. Onesmo sasa anachajia simu kwa jirani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nakuomba na ninakuagiza. Ukija Desemba usiguse kitu kwenye kompyuta yangu bila mimi kuwa pembeni. Ukitaka kuweka jambo jipya, niite, nioneshe linapowekwa na linapotolewa, hata kama nina mtoto mgongoni na unaona nachelewesha. Kwako ni mapambo, kwangu ni duka, na kwenye duka kuna nyuso za watu. Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika nisingetuma michembe.

Na wewe una kazi moja. Uso wako wa kwenye kiduara sijui nilikoupeleka siku ile, na Elieth anaamkia ua, anauliza mjomba amekwenda wapi. Mpe Ritha pasipoti yako moja atakaporudi. Usivae miwani ya jua.

Mariana anaondoka tarehe nne kwa basi la alfajiri. Baba yake anamsindikiza mpaka chuoni, kwa hiyo ameanza kuulizia kama lile koti naweza kumwazima.

Mama anakusalimu na anasema hajakuona kanisani kwake tangu Juni, kana kwamba Newala ni ng'ambo ya barabara. Baba Elieth anakusalimu. Suzana wa mama mdogo amejifungua salama, msichana, mpigie umpongeze. Elieth ameandika jina lake hapo chini mwenyewe, ile mistari ni mkono wa Ezekiel.

Mungu akulinde njiani na darasani, akuponye hicho kifua, akupe watu watakaokuuliza umekula nini.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Coletha
(Mama Elieth)

ELIETI