Sensa Iliyotufanya Watatu

...na hata sasa, mshauri, nikisikia lango likifunguka nakimbia kama msichana, kwa hivyo usidhani Were wangu amenikosea. Naomba msaada kwa sababu ya furaha yake. Gari letu lilikuwa likizimika kila likipata moto, nikalipeleka Ngara kwa fundi Gurdeep, akachomoa waya, akapima kwa mita, akasema, "Mama, sensa ya joto inadanganya. Injini moto, yenyewe inaambia kompyuta baridi, petroli inamwagwa mingi, gari inazimika. Tuitoe, tutie mpya." Nami siwezi kubadilisha kitu garini bila kumuuliza mume wangu, basi nikapiga simu ofisini kwake, akashika Mutiso, mwenzake wa kazi, nikamwambia, "Mwambie Were sensa yetu ina makosa, lazima ibadilishwe," na Mutiso akapiga kelele, "Hongera, shemeji!" kisha akarudi akicheka: "Anasema sawa kabisa, mpenzi!"

Mshauri, makarani wa sensa ya watu walikuwa wametuhesabu juzi tu, watu wawili, na hiyo ndiyo sensa waliyoielewa kule ofisini. Jioni Were akaingia nyumbani na nanasi na soksi ndogo za manjano, akanikumbatia: "Kumbe tuko watatu, na hukuniambia!" Nilitaka kusema, lakini macho yake yaling'aa mno, na alikuwa ameshampigia mama yake kule Busia, ambaye tayari amechagua jina, Nanjala, kama ni msichana. Sasa gari linaimba, naye analiendesha polepole akikwepa mashimo kwa ajili ya "mtoto," na alipouliza liliugua nini nikasema ni waya. Je, ninyamaze tu mpaka Mungu atujalie kweli?

Peres, Uthiru

JIBU

Peres mwanangu, nimecheka, kisha nikakasirika. Unataka kubeba mimba ili kusahihisha ujumbe wa simu? Kwenye simu hukudanganya. Ulidanganya uliposema waya, na kila siku unayonyamaza mama mkwe anafuma sweta.

Nenda kwa Gurdeep umwombe ile sensa mbovu. Were akimaliza kula, iweke kiganjani mwake, useme, "Hii ndiyo sensa iliyobadilishwa." Ataigeuzageuza. Mweleze kuwa simu ile ilihusu hii tu, umshike mkono. Mume anayekimbilia soksi kabla ya kuuliza swali anakupenda, lakini naye ajifunze kuuliza! Soksi ziwekeni kabatini, haziozi.

Kisha, usiku huo huo, ampigie mama yake yeye mwenyewe, nawe uwe kando yake, aseme: "Mama, tulihesabu vibaya, bado tuko wawili. Lakini gari limepona, na tutakuja kukuona kabla mwezi haujaisha."