Jina Lililobaki Kwenye Kadi

Mpendwa mama,

Unakumbuka siku tuliyotua Juba kutoka Nairobi? Ulivua viatu uwanjani ili miguu yako iisalimu nchi, kisha ukaruka ukipiga kelele, "Lami ya kwetu inachoma!" Hata askari alicheka.

Ulipougua, ulijirekodi kwenye simu yako nikiwa zamu hotelini, mtaa wa Amarat. Niliipata rekodi hiyo wakati wa matanga. "Mwanangu, ukijaliwa binti, mwite..." Nikaizima hapo hapo, machozi hayakuniruhusu kuendelea. Nikaitoa memori kadi, nikaifunga ndani ya kitambaa chako na kuiweka sandukuni, isiguswe na mtu.

Miaka ikapita. Nilipopata mimba, simu yako ilikuwa imeshakufa, nikaipeleka kadi kwa fundi wa simu kule mtaa wa Jebel, baba mmoja aliyekulia Uganda. Aliijaribu, akatikisa kichwa.

"Dada, hii kadi iko nashika umeme kidogo sana ndani. Hiyo umeme ndio maneno ya mama. Ikilala miaka mingi bila kuwashwa, na hii joto yetu, inatoka polepole."

"Lakini sikuigusa hata siku moja!"

"Ndiyo. Kulala ndio imeharibu."

Alihangaika nayo mpaka ukatoka, mama, na kikohozi chako. "Mwanangu, ukijaliwa binti, mwite..." Kisha mkwaruzo, kama mchanga ukimwagwa juu ya bati. Kisha kimya. Kisha, "...usisahau."

Fundi alinitolea nakala kadhaa, akaziweka kwenye simu yangu. Zote zinakatika pale pale. Jina limepotea, lakini kimya chake kimehifadhiwa vizuri, wala hakitafutika tena.

Binti alizaliwa. Shangazi zangu wakauliza jina, nikawaambia wasubiri. Nikibaki peke yangu nilisikiliza ule mkwaruzo. Siku nyingine nilisikia Poni, siku nyingine Kiden, na siku moja nilisikia jina langu mwenyewe. Nakuogopa, mama, na bado nakubonyeza tena.

Mwishowe shangazi walichoka kusubiri, tukamwita Keji. Nikimwita hashtuki, bado mchanga. Lakini leo asubuhi nilikuwa namnyonyesha huku sauti yako ikiendelea. Ilipokatika, mtoto aliachia ziwa, akageuza kichwa kuelekea simu, akatulia kabisa, kama aliyeitwa.

Pumzika, mama. Na kama unamwita, mwite taratibu.

Ni mimi, binti yako.