Viwavi Uliowarudisha, Mama

Mama yangu,

Jana kibao kilifika. Nimekipigilia kwenye uzio wa mbele hapa mjini Crystal, huku ughaibuni, na sasa kila mpita njia anasoma kwamba bustani yetu imetambuliwa rasmi kuwa makazi ya wanyama wa porini. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Ungesema, "Yaani huku mtu akishindwa kufyeka anapewa cheti?"

Ulipokuja kututembelea mwaka jana, ulisimama mlangoni na shali mabegani ingawa ilikuwa Julai, ukatazama majani yaliyonifika kiunoni, kisha ukaniuliza taratibu, "Mama Neema, kwani umekuwa mgonjwa?" Woi, Mama! Kwetu Nakuru uwanja ulifagiwa kabla hata ya chai. Nikakueleza habari ya cheti: wanyama wapate chakula, maji, mahali pa kujificha, na mahali pa kulea watoto wao. Ulinisikiliza, nami nikadhani tumeelewana. Kumbe ulichoelewa ni kwamba mwanao ana kazi nyingi na hana wa kumsaidia.

Ndiyo maana siku moja nikiwa zamu hospitalini Coon Rapids, ulitoka na sufuria ya maji ya chumvi. Uliwatoa viwavi wote kwenye ile mimea yenye utomvu mweupe, ukiwakwangua kwa kijiko wafie humo, wewe ambaye ukiona kiwavi unasisimka mwili mzima. Niliporudi ulinipokea ukitabasamu. "Nimekuokolea mimea yako. Walikuwa wanaimaliza!"

Ungejuaje? Viwavi ndio waliotumalizia mahindi mwaka ule tukalala njaa. Lakini hawa ndio niliowapandia ile mimea. Ndio wanaogeuka vipepeo wa rangi ya machungwa, na Neema alikuwa ameshawapa majina.

Neema alilia. Mimi nikafoka. "Nani amekutuma? Hapa si kwako!"

Haki ya Mungu, nilimwambia mama yangu mzazi maneno hayo. Uliosha ile sufuria, ukaifuta, ukairudisha kabatini. Wiki tatu zilizobaki tuliongea vizuri tu, habari za chai na za hali ya hewa, na kule uwanja wa ndege uliniombea kama kawaida. Nikajiambia nitakuomba msamaha kwa simu. Halafu nikasema Krismasi. Halafu nikasema ngoja nije nyumbani, jambo kama hilo huombwa ana kwa ana. Nilikuja Machi, kukuzika.

Mwaka jana, siku chache baada ya wewe kurudi Nakuru, vipepeo walikuwa wameanza kutoka. Nilishangaa, nikafikiri labda kuna viwavi waliokuponyoka. Nikapiga picha, na mwaka huu nilipojaza fomu ya cheti, picha hiyo ndiyo niliyojibia lile swali la mahali pa kulea watoto.

Jana, tukipigilia kibao, Neema akaniambia. Unamjua, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema siku iliyofuata ile ya sufuria, nikiwa kazini, wewe nyanya yake, shosho kama anavyokuita, ulimshika mkono mkaenda kando ya reli, kunakoota mimea kama ile. Uliwaokota viwavi kwa vidole vitupu, ukawabeba kwenye bakuli, ukawaweka mmoja mmoja kwenye mimea yangu. Ulikuwa unatetemeka, amesema, na mara nyingine unafumba macho. Ukamwomba asiniambie kitu. "Tusimwongezee mama yako mawazo."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka mtoto akaogopa. Alidhani amefanya kosa kuitoa siri yako. Nikamkumbatia, nikamwambia hapana, amefanya vizuri, mwenye kosa ni mimi. Nakukumbuka sana, Mama. Hata ukali wako naukumbuka, na ule uzito wa mkono wako kichwani ukiniombea.

Kinachoniuma ni kwamba wewe uliyekosewa ndiye uliyetengeneza mambo, na mimi niliyekosa nikabaki kutafuta wakati mzuri. Wakati ulikuwepo, Mama. Tulikuwa wiki tatu nyumba moja. Nilikukosea, na si jana nilipolijua hilo; nilijua siku ile ile, kabla hujamaliza kuifuta ile sufuria.

Nisamehe. Pumzika, mama yangu.

Ni mimi,
kitindamimba wako