Matanga Tuliyoyaharibu

Yeoville, Johannesburg
Mwezi wa saba, 2017

Baba mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na Mama, presha yake imetulia, au bado anabeba ndoo za maji kwa ubishi wake uleule? Mwambie nimesema aache. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini nakula, na cherehani inafanya kazi.

Ila barua hii, Baba, usiisome kanisani. Zile zingine ulizisoma mimbarini na watu wa Uvira wakapiga vigelegele kwamba binti wa mwinjilisti anawapelekea Wayahudi Neno. Hii msomee Mama peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Unamkumbuka Mzee Natani, yule Myahudi wa Observatory, mtaa jirani na wetu. Nilikuandikia nusu ya habari zake tu. Kila Jumamosi asubuhi sisi watu sita na mchungaji wetu tulisimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, Wayahudi wanapopita kwa miguu kwenda sinagogi, tukiwapa vijitabu vya Isaya na Zaburi. Miezi mitatu mizima hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi, nawe unanijua, nikakasirika, nikasema hawa watu wana kiburi gani? Ndipo siku moja mzee mmoja, ndiye huyu Natani, akasimama, akanicheka. "Binti, leo ni Sabato. Wengine wetu hatubebi kitu barabarani, hata kitambaa cha pua. Ungekuja Jumatatu." Eish, Baba! Siku zote za juma, sisi tukachagua hiyohiyo.

Jumatatu akaja mwenyewe sokoni kwenye cherehani yangu, na suruali ya kupunguza. Ndivyo tulivyoanza. Nilimkaribisha chai, akakataa kikombe changu kwa heshima, akanieleza sheria zao za chakula. Wiki iliyofuata akaja na chupa yake ya chai, tukanywa kila mtu yake. Tulibishana juu ya Isaya kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikizidi kumbana, anasema, "Riziki, wewe soma chako, mimi nisome changu, lakini suruali iwe tayari Alhamisi." Nilikuwa nacheka mpaka mama muuza nyanya anageuka kutuangalia.

Mkewe, Mama Lea, alikuwa na saratani. Kila mwezi nilikwenda kwao kumpunguzia magauni, maana alikuwa anaisha. Nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni, ananishika kichwa, anasema, "Mama yako ana bahati." Baba, nilimpenda yule mama. Nakuandikia hivyo kwa sababu sasa sina mtu mwingine atakayeniamini.

Lakini huku kanisani kila Alhamisi mchungaji anauliza, "Matunda yako wapi?" Na mimi nilijibu kwa kifua mbele: Mzee Natani yu karibu, Mama Lea yu karibu. Nawe nikakuandikia hivyohivyo. Ulikuwa uongo. Hawakuwa karibu na kitu chochote ila karibu nami.

Mama Lea akafa. Kwao hawakawizi maiti; niliposikia kwa dada anayefanya kazi pale nyumbani, alikuwa ameshazikwa jana yake. Nikapeleka habari kwenye maombi, nikilia. Mchungaji akasema, "Mungu amefungua mlango. Twende matanga." Nami ndiye niliyeitikia wa kwanza. Kwetu asiyekwenda kulia si ndiye mchawi?

Tukavaa vitenge vya sare. Tukapika sufuria kubwa ya majani ya sombe na samaki wa ndagala. Tukachukua ngoma. Tulianza kuimba tangu getini, kwa sauti zote, ili wafiwa wasikie kwamba hawako peke yao.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kimya. Vioo vimefunikwa mashuka, Mzee ameketi kwenye kigoda kifupi na soksi tu miguuni, na wageni wamekaa bila neno. Sikujua kwamba kwao mgeni haanzi kusema mpaka mfiwa aseme kwanza. Mimi nikajitupa chini, nikapiga yowe kama tulivyomlilia bibi. Watu wakasimama. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa hofu. Binti yao akatoka haraka kuizuia ile sufuria mlangoni.

Kisha nikaona shati la Mzee limechanika kifuani. Mungu wangu, nikasema moyoni, yaani mtu kafiwa na mke, hata wa kumshonea shati hana! Nikatoa sindano ninayochomekaga kwenye kola, nikatia uzi, nikalishika lile shati. Akauweka mkono wake juu ya wangu, taratibu. "Usishone, Riziki. Nimelichana kwa ajili yake."

Hapo tungeondoka, labda ningesamehewa. Lakini mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia. Akaanza ufufuo, akapanda, akashuka, akamwambia Mzee mbele ya watu wake kwamba leo ndiyo siku ya kumpokea Yesu, asije akakosa mlango kama mkewe.

Kama mkewe. Alisema hivyo, Baba, na mke hana siku tatu kaburini.

Mzee hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi. "Riziki, umekuja kwa ajili ya Lea, au kwa ajili ya hiki?"

Nikamwangalia mchungaji. Ndicho nilichofanya. Nilimwangalia mchungaji, na binti yao akatutoa nje na sufuria yetu.

Nilirudi peke yangu mara tatu. Mlinzi wa getini ni Mrundi, tunasalimiana kwa Kiswahili, mara mbili alisema, "Pole dada, wamekataa." Ya tatu Mzee akatoka mwenyewe mpaka kwenye vyuma vya geti. Akasema ndugu za mama yake waliuawa huko Lithuania wakati wa Hitler, na waliowaonyesha wauaji nyumba zao walikuwa majirani, watu wa kanisani. "Sikufananishi na wao," akasema. "Lakini nilidhani nina rafiki pale sokoni. Sasa nikikumbuka chai ile sijui nilikuwa nakunywa na nani." Juma lililopita nyumba iliwekwa kibao cha kuuzwa. Binti yake amempeleka Cape Town.

Mchungaji anasema tusivunjike moyo, mbegu imepandwa. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wako hakupaswa kumwambia mtumishi wa Mungu. Jumamosi siendi tena. Nikiomba, maneno yanakauka mdomoni. Nafungua Zaburi na kuifunga.

Nisalimie Mama, na shangazi wa kwaya, na kaka yangu mkubwa kule bandarini. Mwambie shati lake lipo, nikimpata msafiri nitalituma. Msalimie pia mzee wa kanisa aliyeniombea siku ya safari, lakini usimweleze kitu.

Nina ombi moja, nawe ndiye uliyenilea na uliyenifundisha kazi hii ya kuhubiri. Usinijibu kwamba Mungu anajua. Najua kwamba anajua. Lile swali la Mzee linaniamsha asubuhi na kunilaza jioni. Ningeweza kumjibu, "Kwa ajili ya Lea." Lakini Alhamisi kwa Alhamisi nilimhesabu yule mama kama tunda, angali hai, na mkono wake kichwani mwangu. Wewe umehubiri miaka arobaini, Baba. Niambie ukweli: kati ya wote uliokunywa nao chai, ulimpenda hata mmoja bure?

Mwanao,
Riziki