Chai Uliyoimwaga Melini

Mama Mwajuma wangu,

Nimefika Ilagala na kurudi. Najua ungecheka. Kalemie tumekwenda, Mpulungu tumekwenda, Bujumbura mpaka wakatuzoea, lakini Ilagala, hapo pua na mdomo, hatukuwahi kufika. Kila nikiitaja ulisema, "Ilagala ipo tu, haihami." Ukahama wewe.

Ningependa nikusimulie safari hii kwa raha, lakini nina aibu, na aibu yenyewe sina wa kumpa ila wewe.

Siku niliyofunga kibanda changu cha cherehani uliniambia, "Watoto wana kwao, sasa na sisi tukaone watu." Hukusema tukaone miji. Huko tulikokwenda mimi nilitazama majengo, wewe ulikuwa jikoni kwa wenyewe. Kalemie ulishinda na mama mmoja anayebanika samaki, migebuka, unamuuliza hili na lile, mimi nakusubiri juani nimenuna. "Kwani unamjua?" nikakuuliza. Ukasema, "Sasa namjua."

Basi sikia. Boti ya Ilagala haigusi nchi kavu. Inasimama kwenye maji ya kiunoni, na akina mama wa pale ufukweni, mwaloni, wanakuja kubeba mizigo na wazee. Nami hii dawa ya presha inanipeleka haja ndogo kila mara, na boti haina choo. Nilijikaza, nikasoma dua zote ninazozijua. Tulipokaribia mwalo, mkojo ukanitoka, Mama Mwajuma. Mtu mzima mimi, na kanzu ile ya kijivu uliyonichagulia, katikati ya watu.

Wenzangu wakashuka, mimi nikabaki nimekaa, kapu mapajani. Nahodha akasema, "Mzee, shuka, tunageuza." Nikamwambia napumzika. Watu wakaanza kutazamana. Nilitamani ziwa linimeze.

Akaja mama mmoja, makamo hivi, anakata maji. Akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyomwamkia mkubwa. "Mwakeye, mzee." Macho yake yakashuka kwenye kapu, yakarudi usoni kwangu. Akanigeuzia mgongo, nikapanda kama mtoto, hata sijui nilikubali vipi. Hatujafika mbali, puu, wote wawili majini mpaka kifuani.

"Nisamehe, mzee, nimeteleza."

Watu wakamjia juu, mwanamke gani huyu anamwangusha mzee wa watu. Naye anaomba radhi huku na huku, amenishika mkono mpaka nchi kavu. Pale chini ni mchanga mtupu, nimeukanyaga mwenyewe, hauna utelezi. Nilitoka nimelowa chapachapa kama yeye, na hakuna aliyejua nililowa lini.

Hapo mchangani ndipo ile chai ikanirudia. Unaikumbuka? Tuko melini tunakwenda Mpulungu, na yule mzee wa Kizambia amekaa mbele yetu, hataki kuinuka hata kwenda kula. Ulikaa na kikombe chako muda mrefu, hukinywi. Kisha ukainuka, ukakimwaga chote mapajani mwake. "Nimeteleza," ukasema. Nami nikakugombeza mbele ya abiria: "Macho yako umeyaacha Ujiji?" Ukainama ukafuta sakafu. Miaka yote baada ya hapo niliisimulia ile chai barazani ili watu wakucheke, na wewe ulicheka nao. Hukuniambia hata mimi mumeo, kwa sababu siri haikuwa yako. Na mimi nilidhani nimeoa mwanamke asiyeangalia anapokwenda.

Ngoja, sijamaliza. Nilipofika nyumbani, Mwajuma, aliyehamia kwangu tangu uondoke, akaiona kanzu ilivyojaa mchanga, akauliza. Unajua nilimjibu nini mwanao? "Kuna mwanamke huko hana akili, kaniangusha ziwani." Yalinitoka hivyo hivyo. Mwajuma akawaka. Akasema sisafiri tena, na huyo mwanamke akimpata atamkomesha. Nikala wali wake, uongo nikauacha ulivyo. Yule mama kanisitiri mbele ya watu, nami nimekuja kumvua nguo nyumbani kwangu. Hata jina lake sikumuuliza. Wewe ungekuwa unalo, na la mjukuu wake, na unajua mguu gani unamuuma.

Leo asubuhi nimemwita Mwajuma nikamweleza yote, mkojo, chai, na uongo wangu. Nilitazama miguu yake, uso nilishindwa. Safari hii hakuwaka, nikajua ananionea huruma, na hiyo nayo ilinichoma. Kisha akaenda kufungua sanduku lako, akarudi na doti ile ya kanga za zambarau ambayo hukuwahi kuivaa. "Tutampelekea," akasema. "Ila jina lake utamuuliza wewe mwenyewe, Baba."

Tunakwenda Jumamosi. Bado naiogopa boti, na naona haya kwamba naiogopa. Lakini nikikaa ndani nitakuwa mzee wa kusimulia ile chai tu, na sitaki kuisimulia tena.

Mungu akulaze pema, na kwa maneno yale ya melini unisamehe. Nitabeba kanzu ya pili. Nitabeba na chupa ya chai, maana huwezi kujua nani atakaa mbele yangu. Nitaiacha ipoe kwanza.

Mumeo,
Baba Mwajuma,
Kasingirima, Ujiji