Simu Niliyomkataza Delphin Kuifungua

Dzaleka, Dowa, Malawi
14 Aprili 2025

Mpendwa binti yangu Nicole,

Amani iwe kwako huko Tampere, na kwa mchumba wako. Je, baridi imepungua? Kifua chako kimepona? Sisi tuko. Magoti yananisumbua, ila mahindi yamekauka na tunakula nsima, ugali wa huku, wa unga mpya.

Tangu msiba wa baba yako nimekuficha jambo. Wiki mbili kabla hajafa, akiwa ukimbizini Burundi baada ya kutoka Uvira, mdogo wangu Ambroise alinitumia ujumbe wa sauti: baraka zake, nikuwekee hadi siku ya harusi yako. Simu yake ilipotea hospitalini. Ujumbe ukabaki kwangu peke yangu.

Kisha simu yangu ikakataa chaji. Delphin, fundi wa simu hapa sokoni kambini, alitaka kuifungua papo hapo. Nikamzuia, kwa kuwa karatasi ya dhamana ya duka inasema ikifunguliwa na mtu wa nje, dhamana imekufa.

"Papa, simu ni yako ao ni ya duka?" akaniuliza. "Kama hauna ruhusa ya kuifungua, njo we uko mulinzi yake tu!"

Watu wakacheka. Nikamwita mwizi wa vipuri mbele ya wateja wake. Unajua tulivyo: miaka ishirini na saba ya ukimbizi imenifundisha kuamini muhuri kuliko jirani.

Nikapanda minibasi hadi Lilongwe, kwenye duka nilikoinunua, mtaa wa City Centre. Dada wa mapokezi alinieleza wazi kwamba wao hufuta kila kitu kwanza, ndipo watengeneze. Nilielewa, Nicole. Mimi ndiye ninayewasomea wenzangu barua za ofisi. Ningeweza kuichukua nirudi kwa Delphin, lakini niliona haya kumrudia mtu niliyemtukana. Nikatia sahihi.

Ilirudi ikiwaka, tupu. Nikampelekea Delphin; akachungulia mahali pa chaji palipobadilishwa, akasema, "Pole, papa. Ilikuwa tundu ya chaji tu." Nilimwomba msamaha. Kwako sijui nianzie wapi.

Nimejaribu kuyaandika maneno ya Ambroise. Nakumbuka haya tu: "Nicole, mutoto yangu, sina shamba ya kukupa, lakini sijachoka hata siku moja kuita jina yako." Yaliyofuata sithubutu kuyatunga.

Kwa desturi yetu, mimi kaka yake ndiye wa kusema mahali pake harusini, hata kwa simu. Ukimchagua mwingine, sitauliza sababu.

Nisalimie shangazi yako Antoinette na wanawe. Mungu, aliyeyasikia maneno yote ya baba yako, akutimizie kila neno.

Baba yako mkubwa, akupendaye kwa aibu,
Eliezer