Jina Lililokosewa Kwenye Historia ya Wanamraba

Ganda, Malindi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nianze na goti lako: je, sasa unashuka hadi kisimani bila fimbo? Sisi huku tu wazima. Mwende amekua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena.

Mama, nakuandikia nikiwa na hasira, nawe ndiye utakayenisikiliza hadi mwisho.

Unawakumbuka Wanamraba, vile vijitu vya mbao nilivyokuletea Krismasi, vidogo kama kidole gumba? Nilivianza mwaka ule Mwende alipoingia shule. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa twiga anaowachonga Baba Mwende, na vipande vya mwarobaini vilivyobaki tulivitia jikoni kuwa kuni. Siku moja nikachukua kimoja, nikamchonga mama wa mahamri. Sikujua kuviringisha kichwa, kikabaki mraba. Mikono nikaiunga kwa waya mwembamba ili izunguke. Baba Mwende alicheka. Bwana Salim, mwenye duka mjini anayeuza vinyago vyetu, hakucheka. Alimweka dirishani, akanunuliwa siku hiyo hiyo. Nikaongeza msukuma mkokoteni, fundi cherehani, mpiga zumari. Kila msimu natoa kundi jipya na la zamani silirudii, ndiyo maana kuna wageni wanaorudi Malindi kumtafuta yule mmoja waliyemkosa.

Sasa Bwana Salim amechapisha karatasi ya historia yao, ya kutiwa ndani ya kila kisanduku. Nikasoma: "Walibuniwa na Mutiso, mchongaji kutoka Kitui." Sifa zote kwa Baba Mwende! Mimi nimo mstari wa mwisho, mke ambaye "humsaidia kupaka rangi."

Nilienda dukani.

"Bi Mbithe," akaniambia kwa upole, "mnunuzi ataka habari za mchongaji, na mchongaji, ijulikanavyo, ni mume. Kwani jina si limebaki nyumbani kwenu?"

Hilo ningelimeza. Lililonichoma ni kwamba Baba Mwende alisomewa karatasi hiyo dukani kabla haijachapishwa, akanyamaza.

"Niliona haya," aliniambia nilipombana. "Wanaume wenzangu walikuwa wamekaa pale."

Siku tatu sikushika patasi, wala sikusema naye ila la lazima. Ya nne alikwenda mjini mwenyewe, akarudi na furushi la karatasi. Bwana Salim amekataa kuchapisha upya, lakini amekubali zisahihishwe kwa mkono. Zilizokwisha kwenda ng'ambo ndani ya visanduku hazitarudi, na huko nitabaki mke wa kusaidia kupaka rangi. Bado linaniuma, Mama.

Nisalimie shangazi msukaji wa vikapu vya vyondo. Na kaka yangu wa kinu cha posho, mwambie asimcheke shemeji yake.

Ninapofunga barua hii, Baba Mwende yuko kibarazani anakata jina lake na kuandika langu, karatasi moja moja. Amefika nusu. Ameniuliza, kwa kuwa mkono unamuuma, kama zilizobaki tunaweza kuziacha hivyo. Nimempa chai, nikamwambia aendelee.

Binti yako,
Mbithe